Wakala ameniambia nifiche selimundu kwenye fomu ya bima. Nifanyeje?

Swali: Shikamoo mama. Mimi nina miaka 29, naishi Kilifi. Nilizaliwa na selimundu (sickle cell), aina ya SS, yaani nimeirithi kwa baba na kwa mama. Kwa miaka minne nimefanya kazi hotelini na bima ya mwajiri imenibeba vizuri, hata mwaka jana nilipolazwa mara mbili. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Desemba na nataka kuanza biashara ya upishi wa sherehe. Nimetafuta bima ya mtu binafsi. Kampuni ya kwanza iliniambia kwa simu kwamba haichukui mtu wa selimundu. Wakala wa kampuni ya pili amenishauri niweke alama ya "hapana" kwenye maradhi ya kudumu, nikae mwaka mzima bila kuitumia kadi, baada ya hapo eti hakuna atakayejua. Nimechoka kuishi na hofu ya kuugua bila kava. Nishauri.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na fomu, maana hiyo ndiyo yenye haraka. Usiitie sahihi ikiwa na "hapana" hiyo. Kama umeshaitia lakini hujalipa, omba urudishiwe. Kama umeshalipa, andika barua leo ya kurekebisha jibu lako, uipeleke ofisini mwenyewe na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Hayo mengine tutayazungumza kwa utulivu, kwa sababu una muda zaidi ya unavyodhani.

Kabla sijawa dalali wa bima nilikaa dawati la madai miaka saba, kwa hiyo nakueleza kazi niliyoifanya kwa mikono yangu. Mwanachama akilazwa, hospitali hutuma ombi la idhini. Likiwa dogo hupita. Likiwa kubwa, au likija wakati bima bado ni changa, tunaitisha faili. Hatutosheki na barua ya daktari, tunataka kurasa za kulazwa, vipimo vya damu na orodha ya dawa ambazo mgonjwa alikuwa akinywa nyumbani. Sasa daktari wa zamu hajui uliandika nini kwenye fomu, na wala halimhusu. Yeye huandika mstari wa kwanza kama alivyofundishwa: mgonjwa wa kike, miaka 29, ana selimundu tangu utotoni, anatumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu. Mstari huo mmoja unamaliza kazi.

Namkumbuka kijana mmoja mwenye kisukari aliyeshauriwa kama ulivyoshauriwa wewe. Alikaa miezi 14 bila kugusa kadi, akilipa kila mwezi. Siku mguu wake ulipoanza kuoza alipelekwa hospitali, faili likaja mezani kwetu, na ukurasa wa pili ulisema ana kisukari kwa miaka sita. Dai lilikataliwa, mkataba ukavunjwa tangu siku yake ya kwanza, na mama yake akabaki na bili ya kukatwa mguu. Mimi ndiye niliyeandika barua ile ya kukataa. Kisheria ilikuwa sahihi kila neno. Nimeibeba hadi leo, na ndiyo sababu nimehamia upande wa wanaonunua.

Bima imejengwa juu ya kanuni ya zamani sana, kwamba anayeomba anajua habari zake na kampuni haizijui, basi ni wajibu wake kuzisema zote. Akificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni, kampuni inaweza kujitoa kwenye mkataba. Wakala wako anapata kamisheni ukishalipa. Sahihi ni yako, hasara pia ni yako. Ukitaka kujua kama anauamini ushauri wake, mwombe akuandikie kwenye karatasi na aweke jina lake. Hataandika.

Ila kuna jambo katika ushauri ule lililoniudhi kuliko uongo wenyewe: kukaa mwaka mzima bila kuitumia kadi. Unaijua hali yako kuliko mimi. Homa kwa mtu mwenye SS ni dharura, kwa kuwa bandama lake mara nyingi limeshaharibika na halimkingi tena dhidi ya baadhi ya vimelea hatari. Kifua kinaweza kubana asubuhi, jioni mtu yuko kwenye oksijeni. Anayekuambia uvumilie nyumbani ili kadi ibaki safi anakuomba uhatarishe maisha yako kwa ajili ya karatasi.

Sasa nikueleze kwa nini ile kampuni ya kwanza ilikukataa, ili usiondoke ukidhani una doa. Mtu mmoja mmoja anapokuja kununua bima, kampuni huhofia kwamba amekuja kwa kuwa anaumwa au anatarajia kuumwa. Kila ombi la mtu binafsi hupimwa peke yake: umri, maradhi, mara alizolazwa. Kundi la wafanyakazi 200 ni jambo jingine. Wamekusanywa na kazi, ugonjwa haukuwakusanya, na wengi wao hawatalazwa mwaka huo. Ndiyo maana hotelini ulipokelewa bila maswali mengi na leo unaulizwa kila kitu. Mwili wako ni ule ule, mlango ndio umebadilika. Nchi nyingine zimeliamua jambo hili kwa sheria. Marekani, kwa mfano, tangu 2014 kampuni inayouza bima kamili ya afya kwa mtu binafsi hairuhusiwi kumkataa wala kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao. Hapa Kenya kampuni binafsi bado inaweza kukataa, kuongeza ada, kukuwekea kipindi cha kusubiri, au kukupa kikomo kidogo kwa ugonjwa ule. Kati ya majibu hayo manne ni moja tu lililo mlango uliofungwa. Matatu yaliyobaki ni mazungumzo.

Hapa nataka usome pole pole, kwa sababu wenye selimundu huumizwa na kifungu ambacho wagonjwa wengine hawakutani nacho. Watu wengi hutafuta kwenye mkataba sehemu inayozungumzia ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima. Wanaona imeandikwa kwamba utalipiwa baada ya miezi 12, wanafurahi, wanatia sahihi. Kurasa tatu mbele, kwenye orodha ya visivyolipiwa, kuna mstari mwingine kuhusu hali za kuzaliwa nazo na maradhi ya kurithi. Mwenye shinikizo la damu haumgusi. Wewe unakugusa moja kwa moja, kwa sababu selimundu hurithiwa kwa baba na mama. Nimesoma mikataba ambamo mlango wa kwanza uko wazi na wa pili umefungwa kabisa, na wakala aliyeuuza hakuwa amewahi kuufikia ukurasa huo. Kwa hiyo swali lako lisiwe "mnachukua magonjwa ya kudumu?" Uliza hivi, kwa barua pepe, na udai jibu kwa barua pepe: "Nina selimundu aina ya SS. Katika mkataba wenu iko chini ya kifungu gani, ugonjwa uliokuwepo kabla au hali ya kurithi? Nitasubiri miezi mingapi? Kikomo chake ni shilingi ngapi kwa mwaka, na kikomo hicho ni changu peke yangu au cha familia?"

Halafu ongeza swali la pili ambalo karibu hakuna anayeliuliza: ni maradhi gani mtayahesabu kuwa yametokana na selimundu? Unajua jinsi ugonjwa huu unavyoweza kugusa kila kiungo. Mawe kwenye kibofu cha nyongo. Kichwa cha mfupa wa paja kufa kwa kukosa damu, hadi nyonga inahitaji kubadilishwa. Macho. Figo. Ujauzito wenye uangalizi wa karibu. Kampuni ikiamua kwamba yote hayo ni selimundu, basi yote yataingia kwenye kile kikomo kidogo, na ile milioni moja au mbili iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye kipeperushi utaiona kwa macho tu. Tuseme kikomo kikubwa ni KSh 1,000,000 na kikomo cha magonjwa ya kudumu ni KSh 200,000. Bima yako wewe ni ya laki mbili. Linganisha kampuni kwa namba hiyo ndogo, maana ile kubwa ni ya ajali na ya maradhi ambayo huna.

Na malaria je? Na kuvunjika mkono jikoni? Hayo hayapaswi kuingizwa kwenye selimundu, na ukiona wameyaingiza, lalamika.

Turudi kwenye kalenda yako. Bado uko ndani ya bima ya mwajiri, na hiyo ndiyo mali kubwa uliyo nayo. Nenda ofisi ya rasilimali watu, uliza kava inakoma lini hasa: siku ya mwisho ya kazi, mwisho wa mwezi, au mwisho wa mwaka wa mkataba wao na kampuni. Nimeona wafanyakazi waliodhani wana wiki mbili zaidi kumbe kadi ilishazimwa. Omba barua inayoonyesha tarehe ulizokuwa mwanachama, bila kukatika. Kisha, na hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika hapa, iendee kampuni ile ile inayobeba hoteli yenu, uulize kama inamruhusu anayetoka kwenye kundi kuhamia bima ya mtu binafsi bila kuanza upya kipindi cha kusubiri. Ziko kampuni zinazofanya hivyo, lakini zinataka uhamie kabla ya kava kukatika au ndani ya siku chache baada yake. Ukikaa Januari na Februari ukitafakari, mwezi wa tatu unahesabiwa mtu mpya. Kampuni hiyo tayari ina historia yako yote ya madai, haina cha kushtukia, na wewe huna cha kujieleza.

Wakati huo huo, fanya sasa hivi kila kilichoahirishwa. Daktari wa macho. Picha ya nyonga kama kuna maumivu ya kudumu. Chanjo ya nimonia kama haijakamilika. Wengine huona haya, kana kwamba wanaiba. Wewe na mwajiri wako mmelipia kava hiyo hadi siku yake ya mwisho.

Kutoka kliniki omba ripoti ya daktari ya ukurasa mmoja. Iseme aina ya ugonjwa, dawa na kipimo chake, hemoglobini yako ya kawaida, mara ulizolazwa katika miaka miwili au mitatu iliyopita na kwa siku ngapi, na kama viungo vingine viko salama. Anayetathmini maombi ofisini akiona neno "selimundu" tupu hufikiria mgonjwa wa hali mbaya kuliko wote aliowahi kusikia. Akiona mtu anayehudhuria kliniki na anayetumia haidroksiyurea kwa utaratibu, ana kitu cha kupima. Kilifi, mahali unapoishi, ilikuwa moja ya vituo vinne vya Afrika vilivyoshiriki utafiti wa dawa hiyo kwa watoto, pamoja na Luanda, Kinshasa na Mbale. Matokeo yalionyesha kwamba vipindi vya maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo vilipungua. Sisemi kila mtathmini ameyasoma. Nasema ripoti nzuri humpa sababu ya kutokuandika "imekataliwa" kwa mazoea.

Usipeleke maombi rasmi kwa kampuni tano kwa mkupuo. Fomu nyingi zina swali: umewahi kukataliwa bima? Kila mara uliyokataliwa rasmi utalazimika kuitaja kwenye fomu inayofuata. Yale mazungumzo ya simu na kampuni ya kwanza, kama hukujaza fomu, kwa kawaida si ombi lililokataliwa, lakini swali likiulizwa kwa upana, lieleze kama lilivyotokea. Njia safi ni kupitia dalali wa bima mwenye leseni. Wakala huuza kwa niaba ya kampuni, dalali anakuwakilisha wewe. Dalali anaweza kutuma ripoti yako kwa kampuni kadhaa bila jina na kuuliza, "mtu wa hali hii mtampa masharti gani?" Ukishaona majibu ndipo unajaza fomu moja. Orodha ya kampuni, mawakala na madalali wenye leseni hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Itazame kabla ya kulipa hata shilingi. Mwaka 2022 kampuni moja iliyojulikana sana kwa bima ya afya iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria, na waliokuwa na kadi zake walijua hospitalini, kaunta ikiwa mbele yao.

Kama kampuni ya bima ya hoteli haitakubali uhamie, usikimbilie mlango wa mtu binafsi. Tafuta kundi. Je, uko kwenye sacco? Baadhi zina bima ya kundi kwa wanachama. Ukiolewa, au kama tayari una mume aliyeajiriwa, kava ya mwajiri wake huenda ina nafasi ya mwenzi, na kwenye makundi makubwa maswali ya kiafya huwa machache. Na hiyo biashara yako ya upishi, isajili vizuri, kwa sababu ukiwa na wafanyakazi wa kudumu unaweza kununua bima ya biashara ndogo. Ziko kampuni zinazoanzia watu wachache tu. Kwa kundi dogo hivyo bado utajaza fomu ya afya, lakini masharti mara nyingi huwa laini kuliko ya mtu mmoja. Wafanyakazi wawe wa kweli. Ukiorodhesha binamu zako waishio Nairobi kama wapishi, tumerudi kwenye uongo wa fomu.

SHA, yaani bima ya afya ya serikali. Najua ukilitaja jina hilo watu huguna, na malalamiko mengine nimeyaona kwa macho yangu: mfumo kugoma, hospitali kudai haijalipwa, mgonjwa kusimamishwa mlangoni. Hata hivyo ni mlango pekee nchini usioweza kukukataa kwa sababu ya selimundu, wala haukuwekei miezi ya kusubiri kwa ugonjwa uliozaliwa nao. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 umechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali. Hotelini unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Ukitoka, hakuna wa kukukata tena, kwa hiyo ni juu yako kubadilisha maelezo yako, kujibu maswali ya kupima uwezo wa kaya, na kulipa mchango ambao kiwango chake cha chini ni KSh 300 kwa mwezi. Walio nje ya ajira hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja, kwa hiyo zitenge fedha hizo kutoka mshahara wa Desemba, kabla hujanunua sufuria hata moja ya biashara.

Ujue inakufaa wapi. Zahanati na vituo vya afya, yaani viwango vya 2 na 3, huduma ya msingi hulipiwa na serikali kwa aliyejisajili. Ukilazwa, viwango vilivyotangazwa ni KSh 3,360 kwa siku katika hospitali ya kiwango cha 4 na KSh 4,480 katika kiwango cha 6, hadi siku 180 kwa kaya kwa mwaka. Tuseme maumivu yamekushika, umelazwa siku tatu katika hospitali binafsi ya kiwango cha 4 na bili ni KSh 48,000. SHA italipa KSh 10,080. Zitabaki KSh 37,920. Katika hospitali ya kaunti pengo hilo linaweza kuwa dogo sana. Bima binafsi kwa mtu kama wewe ni ya kuziba pengo hilo na ya kukupa uchaguzi wa hospitali. Tena mikataba mingi ya kampuni binafsi huhesabu kwamba SHA imeshalipa sehemu yake, na usipokuwa umelipia SHA, sehemu hiyo hutoka mfukoni mwako hata ukiwa na kadi ya dhahabu.

Kutokana na hayo, maoni yangu ni haya, na wapo wenzangu wasiokubaliana nami. Nunua bima ya kulazwa tu. Usinunue ya kutibiwa na kurudi nyumbani. Gharama zako za kliniki unazijua: dawa, foliki asidi, kipimo cha damu kila baada ya miezi kadhaa. Kitu unachokijua mapema ni cha bajeti, na kampuni haitakuuzia kwa bei ya chini ya kile inachotarajia kukulipia. Usichokijua ni kama mwaka huu utalazwa mara moja au mara tano. Hicho ndicho cha kukatia bima. Tofauti ya ada iweke kila mwezi kwenye akaunti ya sacco usiyoigusa kwa ajili ya biashara, na wakati wa kujaza marejesho ya kodi kumbuka kudai nafuu ya asilimia 15 ya ada ya bima ya afya, ambayo kikomo chake ni KSh 60,000 kwa mwaka. Wanaojiajiri wengi huisahau.

Watakuja pia kukuuzia bima ya fedha taslimu, ile inayokulipa kiasi fulani kwa kila siku unayolala hospitalini. Ni nafuu na hulipa haraka. Iangalie kwa lile swali la kifungu gani, kwa sababu nyingi huacha nje maradhi ya zamani.

Jambo dogo kuhusu familia. Hukuniandikia kama una watoto au ndugu utakaowaingiza. Kama wapo wenye AS, waandikwe hivyo hivyo kwenye fomu: wamerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, si wagonjwa. Nimeona mtoto wa AS akiwekewa kikomo cha selimundu kwa sababu tu mzazi aliandika "sickle" bila maelezo, na ilituchukua miezi minne kurekebisha. Hapa pwani wenye AS ni wengi, kwa kuwa hali hiyo humkinga mtu na malaria kali, basi kosa hili ni la kila siku. Ambatanisha karatasi ya maabara.

Ukikataliwa rasmi, omba sababu kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa walizo nazo juu yako na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Nilimsaidia dada mmoja aliyekataliwa kwa "kiharusi" ambacho hakuwahi kukipata. Mtu alikosea kuandika. Kama unaona umetendewa isivyo haki, peleka malalamiko kwanza kwenye kampuni, kisha IRA, ukiwa na nakala za barua zote. Huhitaji wakili kwa hatua hizo.

Na ikiwa maumivu yatakukuta katikati, kadi ya zamani imezimwa na mpya haijafunguliwa, nenda hospitali. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inasema kumnyima ni kosa. Hospitali haina ruhusa ya kungoja amana kabla ya kukuwekea oksijeni na dawa ya maumivu. Mwambie anayekusindikiza alijue hili, kwa maana wewe hutakuwa na nguvu za kubishana. Awe pia na picha ya ripoti yako ya daktari kwenye simu yake, ili usiachwe ukigaagaa benchi huku mtu akidhani unataka dawa tu.

Wiki hii, basi, nenda ofisi ya rasilimali watu kwa ile tarehe na ile barua, kisha kliniki kwa ripoti. Wiki ijayo iandikie kampuni ya bima ya hoteli kuhusu kuhama. Usingoje Desemba, kwa sababu ofisi hupoa kuanzia katikati ya mwezi na barua hulala mezani hadi mwaka mpya. Wakikupa mkataba, kabla ya kulipa nitumie kurasa mbili tu: ya vikomo na ya visivyolipiwa. Ficha jina lako na namba ya kitambulisho. Nitakusomea mstari kwa mstari na kukuambia kile ambacho ningemwambia binti yangu.